RANGI HAIFICHI, FUNDI AKATWA MSHAHARA

Ndugu wafanya kazi,

Leo nataka kusema juu ya jambo moja ambalo limekula pesa zetu kwa muda mrefu, nasi tumelinyamazia kwa kuwa wengi wetu hatukujua ya kwamba lina kipimo. Jambo lenyewe ni nguvu ya rangi ya kuficha ukuta. Rangi ikificha, tajiri husifu rangi. Isipoficha, hulaumiwa fundi. Je, hii ni haki?

Mwezi wa Agosti 2023, watoto walipokuwa wamefunga shule, sisi mafundi watatu tulishika kazi ya kupaka madarasa sita katika shule moja upande wa mashariki wa Nairobi. Kazi ilikuwa ya kipande: kila darasa bei yake, mipako miwili, basi. Sehemu ya chini ya kuta ilikuwa na rangi ya mafuta ya zamani, buluu nzito, na juu yake tulitakiwa kupaka rangi ya maji, nyeupe ya maziwa. Tulipiga msasa, tukaosha, tukapaka mpako wa kwanza, tukangoja, tukapaka wa pili. Asubuhi tulipofungua milango, buluu ile ile ilikuwa inatuchungulia kama mtu aliye nyuma ya pazia.

Nyapara akaja, akatazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mchagua jembe si mkulima. Rangi ni nzuri, mafundi ndio wabovu." Tukaamriwa kupaka mpako wa tatu bila malipo, na juu ya hayo tukakatwa bei ya rangi iliyoongezwa. Mwenzetu mmoja alikwenda nyumbani wiki ile na pesa zisizotosha hata kodi ya chumba.

Lakini kabla hatujaondoka nilifanya jambo moja. Nilijaza chupa ya lita moja kwa rangi ya ndoo, ile tuliyokuwa tukiletewa kila asubuhi kutoka stoo. Chupa nyingine ya namna ile ile nikaijaza kwa rangi ya mkebe uliofunguliwa mbele ya macho yetu siku ya mwisho, wa kiwanda kile kile na rangi ile ile. Nikazipeleka kwa muuza nyama, akaniwekea kwenye mizani yake. Baada ya kutoa uzito wa chupa, rangi ya mkebe ilikuwa kilo 1.4. Rangi ya ndoo ilikuwa kilo 1.32. Zile gramu 80 zilikwenda wapi?

Fanyeni hesabu pamoja nami. Lita 4 za rangi ya mkebe zina uzito wa kilo 5.6. Ukizitia lita moja ya maji, ambayo ni kilo moja, unapata lita 5 zenye kilo 6.6. Gawanya kwa tano: kilo 1.32 kwa kila lita. Basi hapo ndipo jembe letu lilipovunjwa, katika stoo, usiku, kwa mfereji wa maji. Kwa kila mikebe minne ya rangi, mtu alikuwa amefanya mitano. Sisi tukaulizwa kwa nini ukuta hauonyeshi mikebe mitano ya kazi!

Nilipoleta hesabu hii kwa wakubwa niliambiwa ya kwamba malipo yamekwisha kufungwa. Nilikuwa nimepima, lakini nilipima nikiwa nimechelewa. Ndiyo sababu ninaandika: ili wewe ndugu yangu upime mapema.

RANGI HUFICHAJE?

Wengi wetu tunadhani ya kwamba rangi huficha kwa kuwa ni nzito kama uji. Si hivyo. Rangi inaweza kuwa nzito sana na isifiche, na inaweza kuwa nyepesi na ikaficha. Nyeupe huficha kwa kurudisha nuru kabla nuru haijafika kwenye ukuta wa zamani. Nyeusi huficha kwa kumeza nuru. Ndiyo maana nyeusi kidogo tu hufunika ukuta, lakini nyeupe hutaka unga mwingi tena ulio bora.

Ndani ya mkebe mna unga wa rangi, mna gundi inayoushika unga huo ukutani, na mna maji au mafuta ya kulainisha. Nuru inapotoka katika kitu kimoja kuingia kingine hupinda, kama fimbo inavyoonekana imevunjika ukiitumbukiza katika maji. Kila kitu kina namba yake ya kupinda nuru. Hewa ni 1, maji ni 1.33, gundi ya rangi ni kama 1.5, unga wa chaki ni kama 1.6, na unga mweupe wa titani ulio bora ni kama 2.7. Namba ya unga ikiachana mbali na namba ya gundi, nuru hutawanyika na kurudi, na rangi huficha. Namba zikikaribiana, nuru hupita moja kwa moja kana kwamba hakuna kitu. Angalieni basi: kati ya gundi na chaki pana tofauti ndogo mno, lakini kati ya gundi na titani pana tofauti kubwa. Titani ndiyo ifichayo. Titani pia ndiyo yenye bei kali, na chaki ni rahisi. Mwenye kiwanda akitaka faida ya haraka, ajua mahali pa kupunguza na mahali pa kuongeza.

Asiyesadiki na atazame karatasi aliyofungiwa mandazi. Mahali pakavu karatasi ni nyeupe na huoni ng'ambo yake. Mahali palipolowa mafuta unaweza kusoma gazeti lililo chini yake. Karatasi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba hewa iliyokuwa ndani yake imetoka, mafuta yameingia, na namba ya mafuta iko karibu na namba ya karatasi.

Ziko rangi za bei rahisi zilizotengenezwa hivyo hivyo, chaki nyingi, gundi chache, na hewa katikati. Zikikauka huonekana nyeupe na kuficha vizuri, na mwenye nyumba hufurahi. Lakini mvua ikipiga ukuta, au mama akiupangusa kwa kitambaa cha maji, maji huingia mahali pa hewa na rangi ya zamani hutokea tena. Ukuta ukikauka hujificha tena. Mwenye nyumba hupiga simu, na anayetafutwa si mwenye kiwanda. Anayetafutwa ni fundi!

KIPIMO KIPO

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye silaha yetu. Nyapara husema "rangi nzuri" kwa mdomo. Wataalamu hawasemi kwa mdomo, hupima. Njia yao si siri, tena haina uchawi.

Huchukua kadi iliyochapwa nusu nyeusi na nusu nyeupe. Huipaka rangi kwa chuma maalumu cha kuburuzia, ili unene uwe mmoja kila mahali. Huiacha ikauke. Kisha kwa chombo cha kupimia nuru hupima nuru inayorudi juu ya sehemu nyeusi, na nuru inayorudi juu ya sehemu nyeupe, na namba ya kwanza huigawanya kwa ya pili. Kama juu ya nyeusi inarudi 79 na juu ya nyeupe inarudi 85, jawabu ni 93 kwa mia. Hiyo haijaficha; jicho la mtoto litaona mstari. Kama juu ya nyeusi inarudi 84 na juu ya nyeupe 85, jawabu ni karibu 99 kwa mia. Desturi ya wapimaji ni kuhesabu 98 kwa mia kuwa imeficha kabisa, kwani hapo jicho la kawaida karibu halioni tofauti tena.

Mambo haya si mapya. Tangu mwaka 1931 Kubelka na Munk waliandika hesabu ya jinsi nuru inavyorudi na kumezwa ndani ya mpako wa rangi, na viwanda vya dunia nzima hutumia hesabu hiyo. Kanuni ya kimataifa ISO 6504 inaeleza namna ya kupima. Huko Ulaya, kanuni iitwayo EN 13300 inazipanga rangi za ndani ya nyumba katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni 99.5 kwa mia au zaidi. La pili ni kuanzia 98. La tatu ni kuanzia 95. Zilizo chini ya 95 ni daraja la nne, la mwisho. Kwa hiyo mtu asituambie ya kwamba kuficha ni jambo la kubishania kama mpira. Ni namba.

Lakini kuna neno moja ambalo fundi akilisahau atadanganywa hata mbele ya namba. Kipimo cha kuficha hakina maana mpaka useme lita moja imetandazwa mita mraba ngapi. Daraja la EN 13300 hutajwa pamoja na eneo la lita moja, wala halitengwi nalo. Kwa nini? Kwa sababu lita moja ikipakwa juu ya mita mraba 8, unene wa rangi mbichi ni mikroni 125. Ikipakwa juu ya mita mraba 10, ni mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Ikipakwa juu ya mita mraba 12, ni kama mikroni 83 tu. Rangi ile ile inaweza kuficha kwa 8 na kushindwa kwa 12.

Basi tazameni ujanja wa mikebe tunayoipata kazini. Upande mmoja imeandikwa "inafunika vizuri sana". Upande mwingine imeandikwa "lita moja, mita mraba 12". Kila neno peke yake laweza kuwa kweli. Yote mawili kwa pamoja yaweza kuwa uongo. Mwenye kununua hupiga bei kwa 12, na hutazamia kazi ya 8. Ile tofauti hulipwa na nani? Tuseme nyumba ina kuta za mita mraba 120. Kwa 12, mpako mmoja ni lita 10. Kwa 8, ni lita 15. Lita tano hazikununuliwa, na mahali pake pakawekwa mgongo wa fundi, apande ngazi mara ya tatu. Aliyepatana mipako miwili na akapaka mitatu amefanya kazi ya moja na nusu kwa malipo ya moja.

WEZI WANNE WA RANGI

Nataka kusema kweli yote, hata ile inayotuuma sisi wenyewe. Ukuta usipofichwa, mwizi ni mmoja kati ya wanne, na pengine zaidi ya mmoja.

Mwizi wa kwanza ni kiwanda kinachotia chaki mahali pa titani. Wengine hutia hata tone la unga mweusi katika rangi nyeupe, kwa maana nyeusi humeza nuru na namba ya kuficha hupanda, lakini weupe hushuka na ukuta huwa wa kijivu. Ndiyo sababu mpimaji mwenye akili huuliza namba mbili, ya kuficha na ya weupe.

Mwizi wa pili ni yule wa mfereji, anayeongeza maji au tapentaini ili rangi itoshe. Kiasi kidogo cha maji kinachoruhusiwa na maandishi ya mkebe si wizi. Kiasi cha kutengeneza mkebe wa tano ni wizi.

Mwizi wa tatu ni tajiri anayenunua lita chache, kisha husema "vuta rangi, vuta rangi", mpaka rola inapita kavu. Pia yumo yule anayechagua rangi kali ya manjano au nyekundu juu ya ukuta mweusi na kukataa kulipia mpako wa chini. Rangi nyingi za namna hiyo huficha kidogo kwa asili yake, hata zikiwa za bei kubwa. Rangi nzito za manjano za zamani zilificha vizuri kwa kuwa zilikuwa na risasi ndani yake, na risasi ni sumu. Zisizo na risasi hutaka mpako wa chini unaofaa, na mpako huo ni kazi, na kazi ina malipo.

Mwizi wa nne, ndugu zangu, yumo kati yetu. Ni fundi anayeruka kona, asiyekoroga mkebe mpaka chini ambako unga mzito umelala, anayepaka mpako wa pili kabla wa kwanza haujakauka, au anayeacha mifereji ya brashi ambayo ndani yake rangi ni nyembamba na ukuta huonekana. Na yuko anayeuza lita mbili jioni kwa jirani. Huyu hatumtetei. Kikulacho ki nguoni mwako, na mtu mmoja wa namna hii humpa nyapara ushahidi wa kutupiga sote.

Sasa pasipo kipimo, wezi watatu wa kwanza hujificha nyuma ya wa nne. Hiyo ndiyo hila yote. Kipimo hakina ndugu wala rafiki. Kitamwumbua fundi mvivu, nacho kitamwumbua mwenye kiwanda, mwenye stoo na tajiri. Sisi tusio na hatia twaogopa nini?

MWILI WETU UMEKWISHA KULIPIA WEUPE

Si mara ya kwanza mfanya kazi kulipia kuficha kwa rangi. Zamani unga mweupe uliosifiwa ulikuwa ule wa risasi. Ulificha vizuri, na mafundi waliousaga na kuupiga msasa walipata maumivu ya tumbo, viganja vikalegea vikaning'inia, na wengi wakafa. Wafanya kazi walipiga kelele, na mwaka 1921 Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva ulipitisha Mapatano ya 13, kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache palipotajwa, na kukataza vijana wa chini ya miaka 18 wasiishike katika kazi ya kupaka. Wakati ule walikuwako matajiri waliosema hakuna nyeupe nyingine inayofaa. Lakini titani ilikuwa imekwisha kuanza kutengenezwa kwa biashara huko Norway na Marekani mnamo mwaka 1916, nayo ilificha kuliko risasi. Tangu hapo tumejifunza ya kwamba neno "haiwezekani" katika kinywa cha tajiri mara nyingi maana yake ni "sitaki kulipa".

Na titani hiyo si kitu cha mbali. Mchanga wa Kwale, hapa hapa pwani yetu, ulichimbwa kwa ajili ya madini ya titani tangu mwaka 2013 mpaka mwisho wa 2024, ukapakiwa melini Likoni na kwenda ng'ambo. Kenya ilitoa mchanga wa weupe, na fundi wa Kenya akatwe mshahara kwa kukosa weupe katika mkebe? Hapana.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri aweza kufanya katika mshahara. Kuhusu mali iliyoharibika au kupotea, yaruhusu kiasi cha haki tu, tena pale ambapo uharibifu umetokana na kosa la mfanya kazi alilolifanya KWA KUSUDI. Someni neno hilo mara mbili. Je, fundi aliyepewa rangi ya maji maji, akaipaka kama alivyoagizwa, amekosa kwa kusudi? Sheria hiyo hiyo inaitambua kazi ya kipande, kwa hiyo mtu asikwambie ya kwamba wewe wa kipande huna sheria. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na ya kujiunga na chama.

Lakini sheria ni kama panga, haikati ikiwa ukutani. Mbele ya afisa wa kazi utaulizwa, "Una ushahidi gani?" Ukisema "nilijua kwa macho", nyapara naye atasema alijua kwa macho. Ukitoa kadi iliyopakwa, yenye tarehe na sahihi ya nyapara mwenyewe, ni nani atakayebisha?

MAJIBU KWA WANAOBISHA

Wako wanaosema vyombo vya kupimia ni vya gharama kubwa. Chombo cha kupimia nuru ni ghali, kweli, na hicho ni kazi ya kiwanda na ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa. Lakini sisi kazini hatuhitaji zaidi ya kadi yenye milia myeusi na myeupe, chupa ya lita, mizani, na utepe wa kupimia. Kuna na kichana kidogo cha chuma chenye meno ya urefu mbalimbali, ambacho ukikisimamisha juu ya rangi mbichi chakuonyesha unene wake. Kichana hicho hukaa mfukoni.

Wako wanaosema upimaji utachelewesha kazi. Kupima ukuta ni siku moja. Mpako wa tatu katika madarasa sita ulituchukua siku nne.

Na wako mafundi wazee wanaosema, "Sisi tulijua rangi kwa kuikoroga." Wazee wetu twawaheshimu, na mkono wao wajua mengi. Lakini mkono wa mzee hauandikwi katika daftari ya malipo, na tajiri hakatwi pesa kwa ushahidi wa mkono. Nasi tujihadhari na ukuta mbichi: rangi ya maji ikiwa mbichi huficha kidogo, ikikauka huzidi. Mtu asihukumu, awe nyapara au fundi, kabla haijakauka.

Tena kuna lile neno la mchagua jembe. Mithali ni ya kweli kwa mkulima aliyepewa jembe. Aliyepewa jembe la karatasi ana haki ya kuuliza ni nani aliyelinunua.

FANYENI HIVI

Kabla ya kupatana bei ya kazi yoyote ya rangi, fundi na nyapara wafanye UKUTA WA MAJARIBIO:

1. Fungueni mkebe pamoja, ukiwa na muhuri wake. Korogeni mpaka chini. Pimeni uzito wa lita moja na kuuandika.

2. Pimeni ukuta wa mita mraba 2, mahali penye rangi ya zamani iliyo nzito kuliko zote. Bandikeni kadi ya milia myeusi na myeupe katikati.

3. Kama mkebe wasema lita moja mita mraba 10, basi mita 2 ni mililita 200. Ikiwa lita ina uzito wa kilo 1.4, hizo ni gramu 280. Brashi iliyolowa rangi na kopo viwekwe kwenye mizani kabla na baada, mpaka gramu 280 ziwe zimekwenda ukutani na kwenye kadi. Si zaidi, si pungufu.

4. Acheni ikauke mpaka kesho. Tazameni kwa nuru ya mchana, mkiwa hatua moja kutoka ukutani. Milia ikionekana, pakeni tena kwa kiasi kile kile. Hesabuni ni mipako mingapi mpaka milia itoweke.

5. Hesabu hiyo ndiyo iandikwe katika mapatano, pamoja na uzito wa lita. Kadi itiwe sahihi na wote wawili, na fundi abaki na nusu yake.

6. Kila asubuhi ndoo ikitoka stoo, pimeni lita moja. Uzito ukipungua kuliko maji yaliyoruhusiwa, wekeni brashi chini na kumwita mwakilishi wa chama.

Na chama chetu kidai mambo matatu. La kwanza, mapatano yote ya kazi za rangi yawe na kifungu cha ukuta wa majaribio, na mpako wowote unaozidi hesabu yake ulipwe. La pili, mtu asikatwe hata senti moja kwa rangi isiyoficha mpaka kadi imesomwa mbele ya mwakilishi wa wafanya kazi. La tatu, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, ambalo kazi yake ndiyo hiyo, litake kila mkebe uandikwe namba ya kuficha pamoja na mita mraba za lita moja, namba mbili katika mstari mmoja, ili mtu asifiche moja nyuma ya nyingine.

Ndugu zangu, hatuombi sadaka. Twaomba kila mtu abebe mzigo wake: kiwanda kibebe udhaifu wa kiwanda, tajiri abebe ubahili wa tajiri, na fundi abebe makosa ya fundi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi ya mkono wetu ni kufunika kuta za watu. Si kufunika makosa ya wakubwa.

Kila mwanachama atakayekuja kwenye mkutano wa tawi na aje na kipande cha kadi nyeusi na nyeupe. Tutafundishana pale pale, na mizani nitaleta mimi.

UMOJA NI NGUVU!

Ndugu yenu katika kazi,
Fundi wa Rangi